Namba za Kidatu: Nusu ya kina si nusu ya maji, na hasara ya siku tatu si mara tatu ya siku moja

KIDATU si jina geni kwa msomaji wa magazeti nchini. Kila mvua inapochelewa, kila mgawo wa umeme unapotangazwa na kila bei ya sukari inapopanda madukani, jina hilo hurejea katika vichwa vya habari. Pamoja nalo hufuatana namba: mita juu ya usawa wa bahari, megawati, tani za miwa, asilimia za sukrosi, shilingi kwa uniti. Msomaji wa Dar es Salaam, Morogoro au Dodoma huzisoma, huguna, kisha hufungua ukurasa wa michezo.

Ukweli ni kwamba namba hizo hazitembei ovyo. Kila moja imefungwa na nyingine kwa kanuni, kiasi kwamba ukiijua ya kwanza waweza kuitafuta ya pili. Uhusiano wa namna hiyo, ambamo kila kiasi kinachoingia hutoa kiasi kimoja tu kinachotoka, wanahisabati huuita fankisheni. Si jambo la darasani peke yake. Mkulima wa miwa anayepeleka mzigo kiwandani analipwa kwa fankisheni, mpangaji wa Sinza anayenunua umeme wa LUKU anatozwa kwa fankisheni, na mhandisi anayeamua leo mitambo mingapi izunguke anaamua kwa kutazama fankisheni iliyochorwa ukutani mwake.

Tatizo ni kwamba katika mijadala ya hadhara, tangu vijiweni hadi bungeni, kuna umbo moja tu linalotumika, nalo ni la mstari mnyoofu. Hudhaniwa kwamba bwawa likifika nusu ya kina basi limebaki na nusu ya maji, na kwamba miwa ikichelewa siku tatu hasara yake ni mara tatu ya siku moja. Dhana hizo zimewagharimu wengi, na Kidatu ni mahali pazuri pa kuzipima, kwa kuwa pale maumbo kadhaa tofauti yamerundikana katika eneo ambalo mtu aweza kulizunguka kwa baiskeli kwa siku moja.

Mizani na maabara

Mji wa Kidatu umekaa pale ambapo Mto Ruaha Mkuu unatoka katika milima ya Udzungwa na kuingia tambarare. Mto huo unavigawa viwanda viwili vya Kampuni ya Sukari Kilombero: cha Msolwa kiko upande wa Kilombero, na cha Ruembe kiko ng'ambo, upande wa Kilosa. Kampuni hiyo ilibinafsishwa mwaka 1998 kwa Illovo ya Afrika Kusini, Serikali ikibaki na asilimia 25 ya hisa. Sehemu kubwa ya miwa inayosagwa haitoki katika mashamba ya kampuni bali kwa maelfu ya wakulima wa nje, wengi wao wakiwa na ekari chache, waliojipanga katika vyama vya ushirika vya msingi.

Mkulima huyo halipwi kwa uzito pekee. Malipo yake ni zao la kuzidisha mambo manne: tani zilizopimwa, kiwango cha sukari kilichomo ndani ya miwa, bei ya sukari, na sehemu ambayo mkataba unampa mkulima katika bei hiyo. Bei na sehemu ya mgawanyo hujulikana mapema na ni zilezile kwa kila mmoja. Tani huonekana kwa macho, kwani gari hupanda juu ya mizani na namba ikasomeka. Kiwango cha sukari ndicho kinachopatikana ndani ya maabara, kwenye sampuli ya utomvu, mbali na macho ya mwenye shamba. Haishangazi basi kwamba kwa miaka mingi kipimo cha sukrosi kimekuwa miongoni mwa mambo yanayozua zogo kubwa zaidi kati ya wakulima wa bonde hilo na wenye kiwanda.

Katika zogo hilo kuna swali la kihisabati ambalo mara nyingi halijibiwi. Mkulima anasema miwa yake ilikuwa mizuri shambani. Kiwanda kinasema ilipofika ilikuwa imekwisha kupoteza utamu. Wote wawili wanaweza kuwa wakweli, maana kati ya kauli hizo mbili kuna muda, na muda una umbo lake.

Miwa ya wakulima wengi huchomwa moto kwanza ili kuondoa majani, kisha hukatwa, hurundikwa, hupakiwa na kusafirishwa. Tangu ilipochomwa na kukatwa, uhai wa mmea umekatika lakini kemia yake haijasimama. Vimeng'enya vilivyomo ndani ya muwa huanza kuigeuza sukrosi kuwa sukari nyingine zisizoganda kuwa fuwele, na bakteria huingia kupitia mahali palipokatwa na maganda yaliyopasuliwa na moto. Jua nalo hunyonya maji, hivyo uzito unashuka. Ndiyo maana viwanda vya sukari kote duniani husisitiza miwa ifike ndani ya siku moja au mbili.

Hasara hiyo ina umbo gani? Mfano wa kufundishia unaweza kusaidia. Ichukuliwe kwamba shamba moja lilipimwa likaonekana lina asilimia 12.0 za sukrosi saa chache baada ya kukatwa, asilimia 11.8 baada ya siku moja, 11.3 baada ya siku mbili na 10.4 baada ya siku tatu. Anayetaka kujua kama huu ni mstari mnyoofu hatazami namba zenyewe. Anatazama tofauti kati ya namba na namba. Hapa tofauti ni 0.2, kisha 0.5, kisha 0.9. Kama zingekuwa sawa, mstari ungekuwa mnyoofu. Kama tofauti zisingekuwa sawa lakini kila namba ikawa sehemu ileile ya iliyoitangulia, tuseme asilimia 95, hapo umbo lingekuwa lile la kuoza kwa uwiano, kama thamani ya gari inavyoshuka kila mwaka. Lakini uwiano nao hausimami mahali pamoja. Hasara inaongeza mwendo kadiri siku zinavyokwenda, na hilo linaafiki maelezo ya bakteria: mwanzoni ni wachache, kisha huzaana. Mwenye haraka ya kubandika jina la kitabuni kwa kutazama namba mbili za mwanzo huumbuka hapo.

Sasa iingizwe mizani. Iwapo mzigo wa tani 100 umekauka hadi tani 97 katika siku hizo tatu, sukari iliyokuwamo imetoka tani 12 hadi takribani tani 10.1. Uzito ulipungua kwa asilimia 3 tu, na mkulima aliyesimama kwenye mizani angesema hakupoteza kitu cha maana. Hata hivyo malipo yamepungua kwa karibu asilimia 16, kwa kuwa vitu viwili vinavyozidishana vikishuka pamoja, matokeo hushuka kuliko kila kimoja peke yake. Aidha, zaidi ya nusu ya hasara hiyo imetokea katika siku ya tatu pekee. Lori lililoharibika siku ya kwanza na lori lililoharibika siku ya tatu si ajali ya thamani moja, ingawa katika daftari la msafirishaji zote mbili zimeandikwa "kuchelewa kwa siku moja".

Jambo la kutia moyo ni kwamba kulichunguza hili hakuhitaji kompyuta wala mtaalamu kutoka nje. Kinachohitajika ni chama cha wakulima kuandika, kwa kila mzigo, saa ya kuchoma, saa ya kupimwa na kiwango cha sukrosi kilichorejeshwa na maabara. Baada ya msimu mmoja, mizigo mia moja ikiwekwa nukta kwenye karatasi ya miraba, saa zikiwa chini na sukrosi zikiwa kando, picha itajitokeza. Nukta zikishuka kwa mpindo, mkosaji ni usafiri na ratiba, na madai yaelekezwe huko. Nukta zikitawanyika kama mtama uliomwagwa, bila kujali miwa ilikaa muda gani, basi sababu iko kwingine: katika mbegu, umri wa miwa, rutuba ya udongo, au katika kipimo chenyewe. Chama kinachokwenda kwenye meza ya majadiliano na karatasi hiyo hakisikilizwi kwa namna ileile kama chama kinachokwenda na manung'uniko.

Kuna mpindo mwingine mpana zaidi ambao wakulima wa Kidatu wanaufahamu bila kuuchora. Utamu wa miwa hupanda kadiri kiangazi kinavyokolea, hufika kileleni, kisha huteremka mvua zinapoanza, kwa kuwa mmea unarudi kutumia sukari yake kukua. Ni kilima. Mwenye shamba lililowekwa karibu na kilele katika ratiba ya uvunaji analipwa vizuri kuliko jirani yake aliyewekwa mwisho, hata kama mashamba yao yanafanana kwa kila kitu. Ratiba ya uvunaji, kwa maneno mengine, ni ugawaji wa fedha, na inastahili kusimamiwa kwa uwazi uleule unaodaiwa kwenye mizani.

Kisha kuna dari. Kiwanda kina uwezo wa kusaga tani fulani kwa siku na si zaidi. Chini ya kiwango hicho, kila tani inayoongezwa inaongeza sukari; juu yake, kila tani inayoongezwa inabaki imesimama shambani. Bonde la Kilombero limeshuhudia misimu ambayo miwa ya wakulima ilibaki bila kuvunwa kwa sababu hiyo. Mradi wa upanuzi uliotangazwa mwaka 2021, wenye kiwanda kipya kinachojulikana kama K4, ulikusudiwa kuinua uzalishaji wa kampuni kutoka takribani tani 127,000 za sukari kwa mwaka hadi tani 271,000. Dari likipanda, wakulima wanahimizwa kupanda zaidi, na ni sawa. Lakini dari si kiwanda peke yake. Mvua kubwa za El Niño za mwishoni mwa mwaka 2023 na mwanzoni mwa 2024 zilizuia miwa kutoka mashambani nchini, uzalishaji ukakwama, bei ya sukari ikaruka, na Januari 2024 Bodi ya Sukari ikalazimika kutangaza bei elekezi ya rejareja ya kati ya Sh 2,700 na Sh 3,200 kwa kilo. Kiwanda kiwe kikubwa namna gani, lori lililozama matopeni halisagi miwa.

Mita moja ya Mtera

Kilomita kadhaa juu ya viwanda hivyo, mto uleule unafanya kazi nyingine. Kituo cha umeme cha Kidatu kilianza kazi mwaka 1975 na kukamilika mwaka 1980 kikiwa na mitambo minne yenye jumla ya megawati 204. Kwa miaka mingi ndicho kilichokuwa uti wa mgongo wa gridi ya Taifa.

Hesabu ya kituo hiki ni ya mstari mnyoofu, na ni nyepesi kuliko wengi wanavyodhani. Maji yanaanguka takribani mita 175. Mita moja ya ujazo ina uzito wa tani moja. Ikianguka kutoka kimo hicho kila sekunde, na baada ya kutoa kinachopotea katika mitambo, inatoa kama megawati 1.5. Mita za ujazo mbili zinatoa megawati tatu. Ili mitambo yote minne izunguke kwa nguvu zote zinahitajika takribani mita za ujazo 140 kwa sekunde, yaani zaidi ya mita za ujazo milioni 12 kwa siku. Kina cha bwawa kikishuka mita chache hakibadilishi sana hesabu hiyo, kwa sababu mita chache si kitu mbele ya 175.

Bwawa la Kidatu lenyewe ni dogo. Lina takribani mita za ujazo milioni 125, ambazo kwa mwendo huo zingeisha kwa siku kumi hivi kama hakuna kinachoingia. Ghala halisi liko juu, Mtera, mahali mikoa ya Iringa na Dodoma inapokutana. Bwawa la Mtera lilijengwa ili maji ya masika yahifadhiwe na kuteremshwa kiangazi, na tangu mwaka 1988 nalo lina kituo chake cha megawati 80, hivyo maji yaleyale hufua umeme mara mbili kabla ya kufika kwenye mashamba ya miwa.

Hapa ndipo magazeti na wasomaji wake walipoteleza mara nyingi. Mtera ikijaa, maji hufika mita 698.5 juu ya usawa wa bahari. Kikomo cha chini cha kufulia umeme ni mita 690. Wakati wa mgawo wa umeme wa mwaka 2006, namba hizo ziliimbwa kila siku, na hesabu iliyofanywa na wengi ilikuwa hii: kuna mita 8.5, zikibaki nne na robo tumebaki na nusu.

Hesabu hiyo ingekuwa sahihi kama Mtera ingekuwa pipa. Mtera ni sahani. Bwawa hilo likijaa hutanda juu ya zaidi ya kilomita za mraba 600, lakini kadiri maji yanavyoshuka ndivyo kingo zinavyorudi nyuma na eneo kusinyaa. Mita ya juu kabisa pekee inabeba takribani mita za ujazo milioni 600, zinazotosha kuizungusha Kidatu kwa nguvu zote kwa siku 50 hivi. Ikichukuliwa, kwa ajili ya mfano, kwamba karibu na kikomo cha chini eneo limebaki theluthi moja, basi mita ya mwisho ina milioni 200 tu: siku 16 au 17. Kwa umbo hilo, bwawa lililofika katikati ya kina chake halina nusu ya maji yake bali asilimia 38 hivi. Bado uvukizi haujahesabiwa, na katika nyanda kavu za Dodoma na Iringa uvukizi si jambo dogo.

Matokeo yake katika maisha ya watu ni ya moja kwa moja. Mtu anayesoma kina kama mstari mnyoofu ataona mwanzoni maji yanashuka taratibu, sentimita chache kwa wiki, ataridhika, na ataahirisha uamuzi wa kupunguza matumizi au kuagiza mafuta. Kisha, bila kiwango cha matumizi kubadilika, kina kitaanza kuporomoka. Ataita dharura. Na dharura, kama Watanzania walivyojifunza kwa uchungu, huja na mikataba yake. Sakata la mkataba wa umeme wa dharura wa Richmond wa mwaka 2006 lilimalizika kwa Waziri Mkuu Edward Lowassa kujiuzulu Februari 2008. Haiwezi kusemwa kwamba grafu moja ingeliepusha hilo. Lakini serikali iliyoamua Machi haihitaji kuamua kwa pupa Juni.

Somo halikukaa sana. Oktoba 2015 ukame ulishusha uzalishaji wa vituo vya umeme wa maji nchini hadi megawati 105 kati ya 561 zilizosimikwa, na vituo vikuu vikazimwa.

Ndani ya mjadala wa nani aliyekunywa maji ya Ruaha kuna funzo jingine. Tangu mwaka 1993 mto huo umekuwa ukikauka kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, na kwa muda mrefu lawama zote, za hifadhi na za umeme, zilitupwa kwa wakulima wa mpunga na wafugaji wa Usangu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na wenzao waliolichunguza suala hilo mwanzoni mwa miaka ya 2000 walitofautisha mambo mawili ambayo wengi waliyachanganya. Kukauka kwa mto Agosti ni msiba kwa viboko na kwa vijiji, lakini maji yanayojaza Mtera ni ya masika; mtiririko wa kiangazi ni sehemu ndogo mno ya mwaka. Aliyetazama mwezi mmoja aliona mhalifu. Aliyechora mwaka mzima, pamoja na namna maji yalivyokuwa yakiteremshwa kutoka bwawani, aliona kwamba mashtaka hayo hayakutosha.

Aidha, ukubwa wa eneo nao unadanganya. Bonde la Ruaha Mkuu ni karibu nusu ya Bonde lote la Rufiji, takribani kilomita za mraba 84,000, lakini linachangia asilimia 15 tu ya maji. Bonde la Kilombero, lisilofika nusu ya ukubwa huo, linachangia asilimia 62. Yaani kituo cha Kidatu kilijengwa juu ya mto mrefu wenye bonde pana na maji machache, huku mto wenye maji ukipita mbele ya Ifakara. Bwawa la Julius Nyerere, lililoanza kujazwa Desemba 2022 na kukamilisha mitambo yake tisa yenye megawati 2,115 mwaka 2025, limewekwa chini ya mito yote miwili. Hiyo ndiyo sababu hofu ya mita 690 haisikiki tena kama zamani. Haijafutika, imehamia kwenye bwawa lenye namba nyingine.

Ngazi ya LUKU

Kwa msomaji wa mjini, fankisheni iliyo karibu kabisa iko ukutani mwake. Katika bei zilizoidhinishwa na EWURA mwaka 2016, mteja wa matumizi madogo hulipa Sh 100 kwa uniti hadi uniti 75 kwa mwezi, na Sh 350 kwa kila uniti inayozidi. Mteja wa kawaida hulipa Sh 292 kwa kila uniti tangu ya kwanza. Kodi na tozo ziwekwe kando.

Watu wengi huona Sh 350 na kusema kundi la chini linaadhibiwa. Si hivyo. Mwenye uniti 80 katika kundi hilo analipa Sh 9,250. Jirani yake wa kundi la kawaida analipa Sh 23,360 kwa umeme uleule. Mistari hiyo miwili, mmoja uliovunjika kwenye 75 na mwingine mnyoofu, haikutani hadi karibu na uniti 323. Maumivu halisi si kuvuka 75 kwa mwezi mmoja bali kuhamishwa kundi baada ya kuvuka mara kwa mara, kwa maana hapo gharama haipandi, inaruka. Ongezea kodi ya majengo iliyoingizwa katika LUKU mwaka 2021, kiasi kisichobadilika kila mwezi hata kama umenunua umeme kidogo namna gani, na fumbo la "mbona uniti zimepungua" linaanza kufumbuka.

Kwa upande wa Ifakara, mahali ambapo Waswisi walianzisha maabara ya utafiti mwaka 1957 iliyokuja kuwa Taasisi ya Afya Ifakara, mpindo mwingine umewasumbua wataalamu kwa miongo. Katika vijiji vya bonde hilo miaka ya 1990, mtu mmoja alikadiriwa kuumwa na mbu wenye vimelea mara mamia kwa mwaka. Ukipunguza kuumwa huko kwa nusu, malaria haipungui kwa nusu, kwa sababu aliyekuwa akiambukizwa mara nyingi bado anaambukizwa mara nyingi. Mstari unaanza kushuka kwa kasi pale kuumwa kunapokuwa kuchache. Aliyetegemea mstari mnyoofu angetupa vyandarua baada ya mwaka wa kwanza akisema havifai. Havikutupwa: mpango wa vyandarua vyenye dawa ulioanza Kilombero na Ulanga mwaka 1997 ulionyesha kuongeza uhai wa watoto wadogo kwa asilimia 27.

Karatasi ya miraba

Yote haya yanafundishwa, angalau kwa jina. Mada ya fankisheni imo katika hisabati ya kidato cha tatu, pamoja na mada ya viwango na mabadiliko. Hufundishwa kwa Kiingereza, kwa herufi za x na y, na katika mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2023 takribani robo tu ya watahiniwa nchini walifaulu hisabati. Mwanafunzi wa Mkamba au Sanje anaweza kumaliza mada hiyo bila kuambiwa kwamba stakabadhi ya mizani iliyokunjwa mfukoni mwa baba yake ni fankisheni yenye vigezo vinne, na kwamba kimoja kati ya hivyo kinashuka wakati lori liko foleni.

Mwalimu ambaye angetaka kuanza hana haja ya kusubiri mtaala mwingine. Darasa la wanafunzi 40 lina wazazi au majirani wa kutosha wenye stakabadhi za msimu mmoja. Saa ya kuchoma haimo katika stakabadhi, hivyo itabidi ianze kuandikwa shambani, kwa kalamu, siku moto unapowashwa. Kufikia mwisho wa msimu darasa hilo lingekuwa na nukta mia kadhaa, na chama cha ushirika kingekuwa na jibu la swali ambalo limejadiliwa kwa miaka mingi bila karatasi mezani: je, sukari inapotelea njiani, au inapotelea kabla ya hapo?